Ifakara ina mto, reli, hospitali na mpunga. Kwa nini bado mji mdogo?

#1 Shingo ya Mwali
Wakuu, habari za jioni.

Nimerudi Ifakara wiki hii baada ya miaka tisa, na swali moja linanikosesha usingizi. Mji huu ni makao makuu ya Wilaya ya Kilombero. Umekaa katikati ya bonde, huku Udzungwa, kule milima ya Mahenge, na Mto Kilombero unapita kusini. TAZARA imepita hapa tangu miaka ya 1970. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko inajulikana nchi nzima. Watafiti wa malaria wanatoka mabara yote kuja kufanya kazi hapa. Mpunga ndiyo usiseme.

Halafu unatoka stendi, unapita sokoni, unageuka kona mbili, umemaliza mji. Saa mbili usiku kimya, unasikia kengele za baiskeli tu.

Mimi naamini sababu ni maji. Mji umejengwa mahali ambapo kila ukitaka kupanuka, Mto Lumemo unafurika na kukurudisha ulipoanzia. Waliokaa huku muda mrefu naomba mnisaidie, nimekosea wapi?

#2 Dereva wa Fuso
Mkuu, maji yapo hata Kyela, na Kyela jina lake linauzwa kila duka la mchele.

Tatizo lilikuwa barabara. Nimeendesha kati ya Ifakara na Dar miaka kumi na minne. Mikumi hadi Kidatu unateleza, ukivuka Ruaha Mkuu, kabla ya lami, adhabu ilikuwa inaanza: kilomita 66.9, kiangazi vumbi, masika tope. Kuna Aprili nililala Kisawasawa siku tatu na magunia mia ya mchele mgongoni. Mvua ilipata upenyo chini ya turubai. Kufika Dar, yale magunia ya chini ukiyashika yana joto kama mgonjwa wa homa, na harufu ya pombe. Tajiri alinikata posho yote ya safari.

Sasa mfanyabiashara gani angeweka ghala kubwa mahali ambapo mzigo ulikuwa unaoza njiani? Alikuwa anakuja Juni, ananunua, anaondoka kabla mvua hazijarudi. Mji wa watu wa kuja na kuondoka haukui.

#3 Mzee wa Stesheni
Dereva, nakuheshimu, ila reli tulikuwa nayo miaka mingi kabla ya lami. Ujenzi wake ulikuwa 1970 hadi 1975, kilomita 1,860 toka Dar hadi Kapiri Mposhi. Kama usafiri peke yake ungekuza mji, Ifakara ingekuwa imekua kabla hujazaliwa.

Angalieni reli ilipopita. Wachina waliifuata miguu ya Udzungwa kwa sababu kule ardhi ni kavu. Stesheni ikabaki kilomita kadhaa kutoka mji wa zamani. Abiria akishuka usiku anatafuta baiskeli au bodaboda, mzigo nao hivyohivyo. Mji na stesheni yake havijawahi kuoana.

Tena faida ya reli ilikwenda ncha mbili za bonde. Juu kule Mlimba ndiko treni inapojiandaa kupanda kwenda Makambako, kwenye mahandaki na madaraja mengi kuliko sehemu nyingine yote ya njia. Chini huku Kidatu ndiko inapokutana na tawi la Reli ya Kati kutoka Kilosa. Njia moja ina upana wa milimita 1,067, nyingine 1,000, behewa haliwezi kuvuka, kwa hiyo mzigo unashushwa na kupakiwa upya. Kazi ikaenda Kidatu. Na kiwanda cha sukari nacho kiko Kidatu. Ifakara tukapewa kibao cha stesheni.

#4 Nesi Mstaafu
Habari zenu wanangu. Mnaongelea barabara na reli, mmesahau mbu.

Nilianza kazi ya uuguzi bonde hili wakati wodi ya watoto masika ilikuwa na watoto watatu kitanda kimoja, wengine chini kwenye mikeka. Watafiti walipopima vijiji vya huku, waliona mtu mmoja anaweza kuumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Mara mia tatu! Karibu kila usiku. Mtumishi wa serikali akipangiwa Ifakara, mkewe analia. Walimu walikuwa wanaripoti, wanaugua, wanaomba uhamisho.

Mji wowote unakuzwa na watu wanaobaki. Hapa walikuwa hawabaki.

Ila pia malaria hiyohiyo ndiyo iliyoleta jina. Profesa Rudolf Geigy wa Basel alifika 1949, na 1957 akaanzisha maabara ndogo. Mwaka 1996 ikawa taasisi ya Watanzania wenyewe, leo ndiyo Ifakara Health Institute. Wenye umri wangu watakumbuka vyandarua vya Zuia Mbu vya mradi wa KINET. Matokeo yalichapishwa 2001: kwa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne, chandarua chenye dawa kiliongeza uwezekano wa kuishi kwa asilimia 27. Vyandarua vya dawa mnavyolalia leo mikoa mingine, jueni watoto wa Kilombero na Ulanga walitangulia kulala humo.

#5 Kambale Mkavu
Shikamoo Mama Nesi. Hapo kwenye mbu nami nina ushahidi. Nilifanya kazi ya kukamata mbu kwa miezi minne nikisubiri matokeo ya kidato cha nne.

Unakaa kwenye kiti nje ya nyumba, umekunja suruali hadi magotini, miguu wazi. Mkononi una mrija wa kunyonyea, na tochi. Mbu akitua tu, kabla hajauma, unamvuta na kumpuliza kwenye kikombe kilichofunikwa chandarua. Kila saa ina kikombe chake, dakika arobaini na tano kazi, kumi na tano kupumzika. Tulipewa dawa za kujikinga na tulipimwa. Saa nane usiku unajifunza kutofautisha mlio wa mbu mmoja na mwingine kabla hajatua. Mpaka leo nikiwa nimelala, sikio langu linaamka peke yake.

Kwa hiyo #1, ukisema mji umelala saa mbili, ujue watu walifundishwa na mbu kuingia ndani mapema.

#6 Shingo ya Mwali
Marahaba... samahani, nilitaka kusema shikamoo Mama Nesi. Kambale, hiyo ya sikio kuamka peke yake nimeielewa kabisa, mama yangu yuko hivyo.

Lakini malaria imepungua sana toka miaka ya 1990. Mbona mji haujakimbia?

#7 Mndamba Asilia
Ngojeni wenyeji nao tuseme.

Kwanza jina. Wengi mmesikia Ifakara maana yake ni mahali pa kufia. Wageni wanapenda kulihusisha na homa. Mimi bibi yangu alilihusisha na Wambunga, waliofika karne ya 19 wakiwa wapiganaji, wakatwaa hapa na kusema mwendo umekwisha, hapa ndipo tutafia. Hiyo ni kauli ya mtu aliyepata nyumbani, haina uhusiano na ugonjwa.

Pili, hili ndilo kubwa. Mnahesabu mji kwa nyumba za mjini, wakati mtu wa Ifakara ana nyumba mbili. Mvua zikianza tunahama. Nyumba ya mjini inaachiwa mzee au kijana anayesoma, wengine wote wanakwenda shamba, na shamba linaweza kuwa mwendo wa siku nzima kwa mguu na mtumbwi. Kule tunaishi kwenye dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu, sakafu ya fito, ngazi ya kupandia. Maji yakija yanapita chini yako. Unapika juu, unalala juu, na mpunga ukianza kubeba unakaa juu unawinga ndege toka alfajiri hadi jua linazama. Kamba imefungwa makopo, inakwenda hadi mwisho wa jaruba. Ukivuta, makopo yanalia, ndege wanaruka, wanatua jaruba la jirani, jirani naye anavuta ya kwake. Siku nzima bonde linalia makopo.

Tunarudi mjini Juni na Julai, tukiwa na magunia. Shingo ya Mwali, umekuja mwezi gani?

#8 Shingo ya Mwali
Machi.

#9 Mndamba Asilia
Basi umekuja kutembelea mji ambao wenyewe hawapo. Rudi Julai uangalie soko, harusi na ngoma. Hutapata pa kuegesha baiskeli.

#10 Mtoto wa Mahenge
Naongezea historia, maana #1 umeandika kama vile Ifakara ilikuwa makao makuu siku zote. Hapana. Boma la Wajerumani lilikuwa Mahenge, juu mlimani, ndilo lililoshambuliwa kwenye vita vya Majimaji Agosti 1905. Waingereza nao waliendelea kutawala Ulanga wakiwa Mahenge. Wilaya ya Kilombero ilimegwa kutoka Ulanga miaka ya 1970, ndipo Ifakara ikapata ofisi ya wilaya.

Wakoloni walikimbia homa, wakapanda juu kwenye baridi. Ofisi, mahakama, gereza, vyote vikaenda mlimani, bonde likaachiwa kulima. Ifakara imeanza umakao makuu juzi tu ukilinganisha na sisi. Hata Kanisa: Jimbo Katoliki la Mahenge ni la 1964, la Ifakara limezaliwa 2012.

#11 Kambale Mkavu
Mtu wa Mahenge hawezi kupita bila kutukumbusha kwamba yuko juu 😄

#12 Mtoto wa Mahenge
Kaka, si majivuno. Mahenge yenyewe nayo ni mji mdogo mpaka leo pamoja na boma na madini ya spineli ya Ipanko. Kwa hiyo hata hoja yangu ina shimo, nalikubali.

#13 Mkazi wa Kibaoni
Nisahihishe kidogo. Mnasema "mji mdogo" mnamaanisha mji upi? Halmashauri ya Mji wa Ifakara haiishii Kibaoni wala Viwanja Sitini. Mipaka yake inakwenda hadi Mang'ula, Sanje na Kidatu. Iliyokuwa Halmashauri ya Wilaya ya Kilombero sasa ni Halmashauri ya Wilaya ya Mlimba. Mkuu wa wilaya mmoja, halmashauri mbili. Ukichukua takwimu za halmashauri ya mji unapata watu wengi sana, lakini ndani yake kuna mashamba ya miwa, misitu na vijiji vyenye wakulima watupu.

Nami naona hapa kuna sababu. Kila mara wilaya inapogawanywa, Ifakara inapoteza wageni.   Zamani mtu wa Mlimba alikuwa analala Ifakara siku mbili kufuatilia hati. Leo ana halmashauri yake. Nyumba za wageni za mtaani kwetu zilijaa watu wa namna hiyo: mtu na bahasha ya kaki, viatu vimejaa udongo, anauliza ofisi ya ardhi inafunguliwa saa ngapi. Wamepungua. Kwa mwananchi ni nafuu kubwa na ninaifurahia. Kwa mwenye nyumba ya wageni ni kilio.

#14 Bwana Shamba
Nimesoma yote kwa utulivu. Mimi nitaongea mpunga, maana ndio uchumi wenyewe.

Gunia la kilo mia la mpunga mkavu, ukilikoboa vizuri, linatoa mchele kilo sitini na kitu. Kinachobaki ni pumba, chenga na maganda. Ukiuza mpunga badala ya mchele, umempa mnunuzi pumba ya kulishia kuku wake, chenga ya kuuza kwa mama ntilie, na ajira ya watu wa mashine. Ukiuza mchele bila kupanga madaraja, umempa faida ya kuupanga. Mashine nyingi za huku zinakoboa tu, mawe na chenga vinakwenda humohumo.

Halafu mchele wa Ifakara ukifika mjini unapoteza jina. Nimeuona kwa macho yangu mchele ninaoujua shamba lake, uko kwenye gunia limeandikwa Kyela. Muuzaji ananiambia mteja anataka Kyela.

Na tusiseme hakuna utaalamu. KATRIN, kituo cha utafiti wa kilimo ambacho leo ni TARI Ifakara, kipo hapahapa. Mbegu ya TXD 306, hiyo mnayoiita SARO 5, imetoka hapa na inalimwa mikoa mingi. Jina lenyewe maana yake ni yenye harufu kiasi. Yaani tumewapa wenzetu mbegu, sisi bado tunauza kwa lumbesa.

#15 Mama Mpunga
Bwana Shamba umesema ukweli lakini umeanza mwisho. Unaniuliza kwa nini nauza mpunga badala ya mchele. Uliza kwanza kama huo mpunga ni wangu.

Februari ndiyo mwezi mgumu. Chakula cha mwaka jana kimekwisha, palizi imefika, mtoto anadaiwa shule. Anakuja mtu na pesa taslimu. Anakupa, mnaandikiana kwenye daftari la shule, na wewe utalipa kwa magunia Juni. Mwaka mmoja nilichukua pesa, na kwa kila kiasi ambacho Februari kilikuwa sawa na nusu gunia, nikalipa gunia mbili. Alikuja na gari lake hadi kwenye jaruba, tumepiga mpunga kwenye turubai, na vumbi lake halijatulia. Alijaza mwenyewe. Gunia anashindilia kwa goti, juu anaongeza kilemba kwa neti. Nilikuwa na gunia kumi na moja asubuhi, jioni nina nne. Nilikaa juu ya yale manne sikuwa na nguvu ya kusimama.

Hiyo pesa haikulala Ifakara hata usiku mmoja. Mji utakua kwa nini?

Sasa tuko kwenye kikundi, tunawekeana, tunakopeshana wenyewe Februari. Mwaka huu sijaandikwa kwenye daftari la mtu.

#16 Nesi Mstaafu
Pole sana mwanangu, na hongera kwa kikundi.

#17 Dereva wa Fuso
Mama Mpunga umenigusa. Magunia yale niliyolala nayo Kisawasawa, sikuwahi kuuliza yametoka kwa nani.

Ila bado nashikilia barabara. Ungekuwa na lami mwaka ule, wanunuzi wangekuja kumi badala ya mmoja, ungechagua bei. Angalieni daraja la Mto Kilombero, mita 384, lilifunguliwa 2018 na kupewa jina la Magufuli. Kabla yake ng'ambo nzima, Lupiro, Mahenge, Malinyi, ilikuwa inategemea kivuko. Januari 2016 kikazama. Nilikuwa nasubiri foleni ya kuvuka toka asubuhi hadi jioni, wachuuzi wa kambale wa kukaanga walikuwa wananijua kwa jina. Baada ya daraja, mzigo wa Malinyi unapita usiku na mchana.

#18 Mzee wa Stesheni
Unapita, umesema mwenyewe. Haushuki. Zamani kivuko kilifanya watu walale Ifakara. Leo wanapita bila hata kunywa chai. Sasa hiyo ni hoja yako au yangu?

#19 Dereva wa Fuso
Mzee wangu, hapo umenikamata. Nipe muda nifikiri.

#20 Sheshe
Wadau, mmeongea kama vile bonde lote ni la kulima. Sehemu kubwa ni ardhi oevu yenye hadhi ya kimataifa ya Ramsar tangu 2002, karibu kilomita za mraba 7,967. Hili bonde ndilo lilikuwa na sheshe, aina ya swala, wengi kuliko mahali pengine popote Afrika. Na Mto Kilombero unapeleka zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji, ambayo sasa yanazungusha mitambo ya Bwawa la Nyerere.

Kwa hiyo Ifakara haiwezi kukua kama Morogoro mjini. Ukijaza, ukachimba mifereji kila mahali, unakausha sponji. Ikikauka, masika maji yatashuka yote kwa siku moja, kiangazi hakuna kitu. Udogo wa mji ni sehemu ya kinachofanya bonde liendelee kuwa bonde.

#21 Mfugaji wa Ng'ambo
Salamu wana uzi. Mimi ni Msukuma, wazazi walihamia bonde hili na ng'ombe, mimi nimezaliwa Malinyi. Nilikuwa kijana wakati wa operesheni ya 2012 ya kuondoa mifugo. Tuliswaga ng'ombe usiku na mchana, ndama walibaki njiani. Kila ninaposoma neno ardhi oevu, nasikia kwato zao.

Sipingi hifadhi. Nasema tu kwamba mji unaponunua ng'ombe minadani, unakula nyama, na jembe la kukokotwa limeingia mashambani kwa sababu yetu, halafu tukiongelea Ifakara sisi hatumo. Hata humu, posti ishirini, nimekuwa wa kwanza.

#22 Mndamba Asilia
Mfugaji, karibu. Kweli jembe la ng'ombe tumejifunza kwenu, zamani tulipiga jembe la mkono tu. Pia kweli shamba la baba yangu liliingiliwa mara mbili mpunga ukiwa umebeba. Yote mawili ni kweli na yote nayakumbuka.

#23 Mfugaji wa Ng'ambo
Nakubali kaka. Ya shamba samahani, hata kama hawakuwa wetu.

#24 Fundi Baiskeli
Mimi natoka nje ya mada kidogo. #1 umeandika "kengele za baiskeli tu" kama vile ni upungufu. Nina kijiwe karibu na soko mwaka wa ishirini na mbili. Mji huu ni tambarare, kila mtu anaendesha: wanafunzi, mama na mtoto mgongoni, padri, mgonjwa anapelekwa hospitali amekaa nyuma ameshikiliwa. Mtu anafunga gunia mbili za mpunga kwenye keria, ya tatu inalala katikati ya fremu, anasukuma toka Lipangalala. Keria ya kawaida haiwezi. Tunaichomelea nondo mbili za ziada chini na tunabadilisha spoku za nyuma tuweke nene.

Nikiletewa baiskeli naijua imetoka wapi kwa udongo uliokauka kwenye mnyororo. Udongo mweusi unaong'ang'ania ni wa ng'ambo ya mto. Mchanga wa rangi ya chai ni wa Lumemo. Vumbi jekundu ni Mang'ula.

#25 Kambale Mkavu
Fundi, hiyo ya udongo ungeifundisha polisi.

Na vile vitambaa vya pamba vya akina mama wanaofuma, mbona hakuna aliyevitaja? Nilinunua kimoja, huu mwaka wa sita hakijachuja.

#26 Shingo ya Mwali
Nimesoma kila posti mara mbili. Asanteni. Nilikuja na sababu moja, sasa ninazo nane na hazikai chungu kimoja. #18 na #17 mnaniumiza kichwa zaidi: kivuko kilidumaza ng'ambo na kilifanya mji uwe na wageni. Na #7, kama nusu ya mji iko kwenye madungu, nilikuwa nahesabu nini?

Leo jioni nilikwenda Lumemo kusimama pale nilipofundishwa kuogelea. Mto umehama. Ule mwembe tuliokuwa tunarukia majini uko ng'ambo ya pili sasa, mizizi nusu imeshika hewa. Nyumba ya jirani yetu haipo, msingi tu, na mtu amepanda mchicha juu ya sakafu. Kwa hiyo hoja yangu ya maji siiachii yote.

#27 Mkazi wa Kibaoni
Huo mwembe naujua. Uliwahi kuwa katikati ya uwanja, mto ulikuwa mbali.

#28 Mzee wa Stesheni
Haujawahi kuwa katikati ya uwanja. Ulikuwa ukingoni, kushoto ukitokea mjini. Ukaja kuwa katikati ya maji baadaye.

#29 Mkazi wa Kibaoni
Mzee, tunaongelea mwembe mmoja kweli?

#30 Bwana Shamba
Wakati mnatafuta mwembe: mwanzisha uzi, jina lako limenikumbusha. Kuna mtu humu bado ana mbegu halisi ya mpunga wa Shingo ya Mwali? Siyo ile iliyochanganyika na Supa. Natafuta ile ambayo shuke likiiva linainama kabisa, na ukipika jirani anajua.

#31 Mama Mpunga
Ninayo. Marehemu mama aliitunza kwenye kibuyu, mimi natunza kwenye ndoo yenye kifuniko na majivu juu. Kila mwaka napanda kijaruba kimoja cha pembeni, mbali na Supa, sichanganyi. Juni nikivuna nakuwekea debe moja. Usije na lumbesa.

#32 Bwana Shamba
Nakuja na debe langu, na tutapima kwa mkono wako. Uko upande gani?

#33 Mama Mpunga
Namawala. Ukifika ulizia madungu ya kwa Mama Mpunga, ng'ambo ya mfereji. Ukisikia makopo yanalia, umefika.